Vishipa vya Uso, Leza na Ngozi Zetu: Maneno Niliyowaambia Wenye Saluni

Jumamosi iliyopita nilizungumza na wenye saluni na watengeneza ngozi wa Kinondoni, kwenye ukumbi mmoja pale Mwananyamala. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, Jangwani pakajaa maji, na wengi waliojiandikisha wakabaki ng'ambo. Hao ndio walioomba niyaweke maneno yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka, kwa sababu zile ni nyuso za watu.

Shikamooni mama zangu. Habari za asubuhi dada zangu. Na nyie kaka zangu vinyozi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nimewaona, msiondoke kabla ya chai. Asalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alisema, "Daktari, njoo utueleze hii leza ya uso. Wateja wanaiulizia, na kuna watu wanapita kutuuzia mashine." Nikamuuliza, leza ya kufanyia nini? Akasema, "Ya kuondoa vile vishipa vyekundu vya mashavuni, na huu wekundu wa uso usioisha." Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Naomba nianze na swali. Nani hapa, ndani ya mwezi huu, amemhudumia mteja mwenye vishipa vyekundu mashavuni au pembeni mwa pua? Nyanyueni mikono. Juu kabisa. Tazameni wenyewe: karibu ukumbi mzima. Msishushe bado. Sasa abaki na mkono juu yule tu aliyemuuliza mteja wake vishipa vile vimetoka wapi. Watatu. Wanne. Mama, wewe umeunyanyua nusu, nakuhesabu nusu.

Basi nimekuja kwa ajili ya swali hilo. Mashine tutaifikia, ila itangoja kwanza.

Nitawasimulia habari za dada mmoja. Simtaji, na mambo machache nimeyabadilisha asijulikane. Anauza vitenge Kariakoo. Alikuja kliniki kajifunga mtandio hadi chini ya macho, utadhani yuko kwenye vumbi la Dodoma. Alipoutoa, mashavu yote yalikuwa yametapakaa vishipa vyembamba kama mizizi ya mpunga, na ngozi yenyewe laini kama ganda la kitunguu. Jua likimpiga, uso unawaka. Akiinama kwenye jiko la mkaa, uso unawaka. Akinywa chai ya tangawizi, uso unawaka. Alikuwa na fedha mkononi, mgawo wake wa kikoba, amezifunga kwenye kona ya kanga. Akaziweka mezani. "Daktari, nataka leza. Leo."

Nikamuuliza, unapaka nini usoni? "Mafuta ya kawaida tu." Nikamwomba aniletee hayo mafuta ya kawaida. Kesho yake akaja na kopo jeupe lisilo na nembo wala maandishi, ndani yake krimu ya rangi ya waridi.

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu kopo hilo mnalijua. Wengine mnalo, liko rafu ya chini kabisa, nyuma ya shampuu.

Mkorogo, ndugu zangu, krimu ya kuchanganya ya kung'arisha ngozi. Na kwenye mikorogo mingi mna dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe na mwasho, kama klobetasoli au betamethasoni. Hizi dawa zenyewe si haramu. Mimi nazitumia, nawaandikia wagonjwa wa pumu ya ngozi na magonjwa mengine, kwa siku za kuhesabu na mahali pa kuhesabu. Lakini klobetasoli iko kwenye kundi la steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote, haikutengenezwa ipakwe usoni asubuhi na jioni mwaka mzima. Ukiipaka hivyo, mwanzoni mishipa inajibana, uso unang'aa, mteja anakuletea na mashoga zake. Halafu ngozi inakonda kwa ndani, ile nyama inayoshikilia vishipa inapungua, navyo vinatanuka na kuonekana kwa nje. Siku akiacha kupaka, vyote vinafunguka kwa pamoja, uso unavimba, unawasha, unachoma. Anafanya nini? Anarudi kwenye kopo. Uso unatulia. Na vishipa vinazidi kutanuka chini kwa chini.

Mnajua mikopo ya kausha damu? Unakopa leo kulipa ya jana. Mkorogo ndio huo.

Sijagusa zebaki wala haidrokwinoni, zile kemikali nyingine za kung'arisha ngozi, na leo sitazigusa sana, kwa kuwa mnajua zimepigwa marufuku kwenye vipodozi na mnajua TBS, Shirika la Viwango, ndio wanaosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Nataka tubaki kwenye vishipa.

Je, dada yule nilimpiga leza? Sikumpiga. Nilimrudishia fedha zake nikamwambia aache kopo lile. Alinichukia, na sikumlaumu. Wiki sita za kwanza uso ulikuwa kama umemwagiwa uji wa moto. Alinipigia simu saa nne usiku analia kwamba nimemharibu. Tulimpa dawa ya vidonge, doksisaiklini, na mafuta mepesi yasiyo na manukato, na kinga ya jua kila asubuhi hata kama kuna mawingu. Kitambaa cha maji baridi alikiweka kwenye friji ya dukani, pamoja na soda. Mwezi wa nne akaacha kunipigia usiku. Mwezi wa saba alikuja bila mtandio. Wekundu mwingi ulikuwa umeondoka wenyewe. Vilibaki vishipa vichache pembeni mwa pua, na hivyo ndivyo tulivyovipiga leza, mara mbili tu. Zile fedha za kikoba zilibaki karibu zote.

Sasa fikirieni angeangukia kwa mtu mwenye mashine na mwenye haraka. Angepigwa leza kwenye ngozi iliyokonda, inayowaka, huku kopo liko kwenye mkoba. Vishipa vingefungwa Jumatatu na mkorogo ungefungua vingine wiki inayofuata. Hiyo ni kukinga maji kwa ndoo paa likiwa bado linavuja.

Lakini si kila uso mwekundu ni mkorogo, msije mkaanza kuwasingizia wateja. Kuna ugonjwa unaitwa rosasea. Uso unapandwa na joto, unabaki na wekundu, vishipa vinatokeza, na wakati mwingine vipele vinavyofanana na chunusi ila havina vichwa vyeusi. Kwa miaka mingi vitabu vimeuonyesha kwa picha za Wazungu mashavu kama nyanya, ikazoeleka kudhani kuwa sisi hautupati. Unatupata. Tatizo ni kwamba wekundu kwenye ngozi nyeusi haujitangazi. Unaonekana kama kahawia iliyokolea, au zambarau, au weusi tu wa mashavu. Mteja hakwambii "uso wangu mwekundu". Anakwambia "uso unanichoma", "sabuni zote zinanikataa", "nikitoka jikoni najisikia homa ya uso". Nawe unamsikia anachosema? Au unampeleka moja kwa moja kwenye stimu?

Nasema stimu kwa makusudi. Uso wa namna hii ukiuweka kwenye mvuke dakika kumi na tano unauchochea. Skrabu ya chembechembe, unauchochea. Mafuta ya mnanaa ya "kupoza", unauchochea. Dada anaondoka kwako uso unang'aa, akifika Magomeni unawaka.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Leza ni nini? Ni mwanga mkali wa rangi moja.

Mwaka 1960 kule California, mtu mmoja anaitwa Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia kipande cha yakuti. Haikuchukua miaka mingi, daktari wa ngozi wa Cincinnati, Leon Goldman, akaanza kuujaribu mwanga huo kwenye ngozi. Baadaye zikaja leza za kutibu watoto waliozaliwa na alama za rangi ya mvinyo usoni, zile ambazo mtaani mama husingiziwa hili na lile. Mashine za mwanzo zilifuta alama na kuacha kovu, kwa sababu joto lilisambaa kila mahali. Hadi mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish, madaktari wa Boston, wakaeleza kanuni tunayoitumia mpaka leo. Chagua rangi ya mwanga inayomezwa na kile unachokilenga, kisha upige kwa muda mfupi sana, joto lisipate nafasi ya kwenda kwa jirani.

Hiyo ya kumezwa mnaijua bila mimi. Wanawake wawili wamesimama Coco Beach saa saba mchana, mmoja kavaa gauni jeupe, mwingine kavaa buibui jeusi. Nani ataanza kulalamika? Rangi nyeusi inakula mwanga, na mwanga ukishaliwa unageuka joto. Kwenye kishipa kilicholengwa, damu ndiyo inayokula. Inachemka mpaka kama nyuzi joto 70, inaganda, kuta za kishipa zinanywea, na mwili wenyewe unazoa mabaki kwa wiki kadhaa. Hiyo ya muda mfupi nayo mnaijua. Pitisha kidole haraka juu ya mwali wa mshumaa, huungui. Kiache hapo uone.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo palipo na ngozi zetu.

Chukulieni daladala inatoka Mbagala kwenda Kariakoo. Abiria ni mwanga. Kariakoo ndiko kwenye damu, huko ndiko tunakotaka abiria wafike. Lakini njiani kuna kituo, pale juu kwenye ngozi ya nje, kinaitwa melanini, rangi yetu. Melanini nayo inakula mwanga. Kwa Mzungu wa Norway kituo hicho ni kitupu, daladala inapita bila kusimama. Kwetu sisi kituo hicho kimejaa kama Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu anapiga honi, konda anaita, abiria wanashuka. Wakishuka wote pale, joto lote linabaki pale. Unapata malengelenge, kisha doa jeusi, au doa jeupe, na mwenye asili ya makovu ya kuvimba anaweza kupata kovu. Na kishipa? Kishipa kiko Kariakoo kinasubiri abiria ambaye hakufika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekuuzia mashine: abiria wake wanashukia wapi? Rangi ya mwanga tunaipima kwa nanomita. Mwanga wa kijani, wa nanomita 532, damu inaupenda sana, lakini melanini inaupenda pia, na kwenye ngozi nyeusi ni hatari. Mwanga wa njano, wa nanomita 595, ndio unaosifiwa kwa wekundu wa Wazungu. Kwenye ngozi ya maji ya kunde unaweza kutumika kwa mkono mwangalifu, kwenye ngozi nyeusi zaidi mimi naogopa. Mwanga wa nanomita 1064, wa mashine zinazoitwa Nd:YAG, unapita kituo cha melanini na abiria wengi wakiwa bado wamekaa, unakwenda chini zaidi. Huo ndio unaotufaa zaidi sisi.

Mkiambiwa "unatufaa" msipige makofi haraka. Damu inaumeza mwanga huo kidogo kidogo, kwa hiyo inabidi utie nguvu nyingi, na nafasi iliyopo kati ya kufunga kishipa na kuunguza nyama ni nyembamba. Ukirudia mpigo mara mbili pale pale kwa sababu "hakijaisha", umeshaacha shimo usoni mwa mtu. Nimeyaona mashimo hayo, hasa pembeni mwa pua.

Daktari mmoja wa Harvard, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975 alipanga ngozi za watu kwa namna zinavyopokea jua, na mpangilio huo leo una makundi sita. Wengi wetu ukumbini hapa tuko kundi la tano na la sita, wenye maji ya kunde la nne. Muuzaji akishindwa kukwambia mashine yake inawekwaje kwa kundi la sita, mpe maji ya kunywa na umsindikize hadi barabarani.

Na ubaridi je? Leza yoyote ya uso inakwenda na ubaridi: hewa ya barafu, au kichwa cha mashine chenye baridi, au dawa ya kupuliza. Ubaridi unalinda ngozi ya juu wakati kishipa kinachemshwa chini. Sasa tuseme ukweli wa mjini kwetu. Umeme ukicheza, mashine ya leza inaweza kuwa na betri yake na kipoza hewa cha pembeni kisiwe nayo. Mwanga upo, ubaridi hakuna, na mkono wako bado unabonyeza. Mwenye jenereta ya kuvutwa kwa kamba asinijibu kwamba yeye yuko tayari.

Kitu kingine, nacho nakisema kwa sauti kubwa. Macho. Mwanga wa 1064 hauonekani. Ukipiga kioo ukarudi na kuingia jichoni, lenzi ya jicho lako inaukusanya na kuutupa nyuma kwenye retina, ile sehemu ya jicho inayopokea picha, na unajua kuna jambo pale unapoona doa katikati ya kila unachokitazama. Nisaidieni: saluni zetu zina nini ukutani, kuanzia mlangoni hadi kwenye sinki?

"Vioo!" ukumbi ukajibu.

Vioo kila ukuta. Chumba cha leza hakina kioo kilicho wazi, hakina mtoto anayesubiri mama yake, hakina mtu anayechungulia na simu. Na miwani ya jua ya Kariakoo haifai. Miwani ya leza imeandikwa ubavuni nanomita inazozuia. Ile ya 532 haikulindi na 1064.

Nimalizie na zile mashine ndogo mnazoletewa na hawa kaka wa mabegi. Nyingi si leza. Ni taa kali, ile inayoitwa IPL, inatoa rangi nyingi kwa mpigo mmoja, tangu kama nanomita 500 hadi 1200, na chujio la kioo linakata baadhi. Ni basi lililopakia abiria wa vituo vyote. Mikononi mwa aliyesomea na kwenye ngozi nyeupe inatibu wekundu vizuri tu. Kwenye ngozi nyeusi ni balaa.

Mwaka juzi aliletwa kwangu binti wa chuo. Alikuwa na mistatili saba usoni, mitatu shavu hili, minne shavu lile, imepangwa kama matofali. Kichwa cha taa ile ni cha mstatili, kila mpigo uliunguza umbo lake. Aliyemleta ni mwenye saluni mwenyewe. Mama wa watu alikaa kwenye benchi nje tangu saa mbili hadi saa tisa, hakula. Aliagiza mashine kwa intaneti, akafundishwa siku mbili na kupewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Namba alizowekewa zilikuwa za ngozi nyeupe. Yeye hakujua, na aliyemfundisha hakumwambia. Mistatili ile ilichukua zaidi ya mwaka kufifia, na miwili bado ipo. Simsemi mama yule kwa ubaya. Alimshika mkono mteja wake akamleta hospitali, wakati wengine huzima simu.

Na nisiwaseme nyie tu. Nami nina wangu.

Miaka yangu ya kwanza na mashine, alikuja bibi harusi mtarajiwa. Maji ya kunde, vishipa viwili vitatu kwenye shavu, kicheni pati imebaki wiki tatu. Mnazijua wiki tatu hizo: sare zimeshonwa, MC amelipwa, na mama mkubwa amesharipoti kutoka Tanga. Sheria ni kwamba kwanza unapiga doa dogo la majaribio mahali pasipoonekana, chini ya taya hivi, halafu unasubiri. Kwa ngozi zetu unasubiri wiki nne hadi nane, kwa sababu weusi baada ya kuungua hautokei kesho yake, unakuja polepole. Mimi nilisubiri siku tatu. Doa lilikuwa safi. Nikampiga.

Siku ya kumi akanitumia picha. Alama tatu nyeusi shavuni, kila moja kama punje ya kunde. Kicheni pati aliifanya na poda nzito, harusi pia. Picha zote za harusi kainamisha shavu moja. Alama ziliisha mwezi wa sita. Yeye alinisamehe, ila mama yake, tukikutana sokoni Kisutu, mpaka leo hanisalimii. Nami naona ana haki.

Tangu siku hiyo mwenye sherehe karibu simpigi leza. Anaweza kunipa sababu yoyote. Namwambia aje baada ya fungate.

Kuna habari nyingine, hizo sitazirefusha. Kijana wa bodaboda wa Temeke aliletwa na dada yake kwa sababu ya "buibui" wekundu kifuani na shingoni, sita au saba. Buibui huyo ana kitone katikati na miguu pembeni. Ukikibonyeza kitone kwa ncha ya kalamu anatoweka, ukiachia damu inajaa kuanzia katikati kwenda nje. Buibui mmoja mmoja kwa mtoto au kwa mjamzito ni kawaida, na wa ujauzito wengi hufifia baada ya kujifungua. Lakini mwanamume mzima mwenye wengi kifuani, unauliza ini. Tulimpima: homa ya ini B, na ini lilikuwa limeshaanza kuharibika. Wangefutwa wale buibui kwa leza, nani angejua?

Vilevile wekundu wenye umbo la kipepeo, mashavu mawili na juu ya pua, kwa dada anayelalamika viungo vinauma, nywele zinakatika, vidonda mdomoni haviponi. Huyo usimguse. Mwandikie jina la hospitali kwenye karatasi, huenda ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe.

Na yule ambaye leza inamfaa kweli, mwambie ukweli. Si siku moja. Ni mara mbili, tatu, nne, na kila mara mnakaa wiki nne hadi sita. Atahisi kama anachapwa na raba bendi. Uso unaweza kuvimba siku moja au mbili. Ile leza ya njano ikitumika kwa nguvu, inaacha uvilio wa zambarau kama wiki moja au mbili, kwa hiyo asiandae mkutano. Aliyetoka kuota jua Kigamboni asipigwe mpaka rangi ishuke. Vishipa vilivyofungwa vimefungwa, lakini mwenye rosasea anaweza kuota vingine, kwa sababu leza inafunga kishipa na ugonjwa unabaki na mwenyewe. Kinga ya jua ataipaka kila siku. Wenzetu wa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza kinga ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kinga ya jua ni mambo ya Wazungu wa ufukweni.

Bei msiniulize, sina mashine ya kuuza.

Kila meza ina vioo sita vya maabara, vile vyembamba vya kupimia malaria. Vimeoshwa, lakini shikeni pembeni visiwakate. Mgeukie aliye karibu yako. Mwombe ruhusa kwanza, na atoe poda. Weka kioo bapa juu ya shavu, bonyeza taratibu, tazama. Rangi ikitoweka chini ya kioo na kurudi ukiachia, hiyo ni damu ndani ya vishipa, ndiyo tuliyokuwa tunaizungumza asubuhi yote. Ikibaki vile vile, hayo mara nyingi ni madoa ya melanini, na leza ya vishipa haina kazi nayo. Msiwe na haraka. Dada wa ushungi wa kijani, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja stimu. Uliza huku wenzako wakijaribu. Na nyie vinyozi, njooni mbele, vioo vimebaki.